Chuma hakijui cheo: Vituko na kero za karakana ya mstaafu

NI Jumamosi asubuhi. Jua halijapanda sana, lakini nyuma ya nyumba mlio wa tupa umekwisha kusikika kwa saa nzima. Mzee yumo karakanani mwake. Anatengeneza bawaba ya lango.

Bawaba kama hiyo huuzwa katika kila duka la vifaa vya ujenzi, na mjukuu akitumwa atarudi nayo kabla chai haijapoa. Mzee alianza kuitengeneza Jumatano. Kufikia sasa amevunja ncha mbili za keekee, ameunguza shati moja na kuzozana na jirani kuhusu kelele. Jana jioni, alipoijaribu bawaba hiyo langoni kwa mara ya kwanza, aligundua kwamba alikuwa ameichomelea kinyume: lango lingefungukia ukutani.

Mkewe akipita na ndoo huuliza swali lile lile: "Bawaba imefika wapi?" Naye hujibiwa jibu lile lile: "Imebaki kidogo tu."

Kisa hiki si cha mtu mmoja. Chaweza kusimuliwa katika mitaa mingi ya Nairobi, Nakuru, Kisumu na Mombasa, na hata mashambani, popote palipo na mstaafu, kibanda cha mabati na mashine ya kuchomelea vyuma. Wanaokitazama kwa mbali hucheka. Aliye ndani ya kibanda hucheka pia, ila kwa kuchelewa kidogo.

Ugonjwa wa zamani

Wapo wazee wa aina hii waliokuwa wahandisi au mafundi wa reli. Lakini wengi walikuwa makarani, walimu, wahasibu na maafisa wa utawala ambao kwa miaka 30 chombo kizito walichokishika kazini kilikuwa kalamu.

Mwaka wa 2009 Serikali iliongeza umri wa kustaafu kwa watumishi wa umma kutoka miaka 55 hadi 60. Anayeondoka ofisini katika umri huo mara nyingi bado ana nguvu za mikono, na ghafla anajikuta na siku ndefu zisizo na mikutano. Ploti yake ya 50 kwa 100 ina pembe iliyo wazi. Haupiti muda, jiliwa linafungwa mezani na kibanda kinapata jina la karakana.

Mtu huyu hapaswi kuchanganywa na fundi wa jua kali. Fundi wa Kamukunji au Gikomba jijini Nairobi, anayetengeneza masanduku, majiko na makarai, ana mteja anayemsubiri na watoto wanaosubiri unga. Sekta yake ilianza kutajwa sana duniani baada ya ripoti ya Shirika la Kazi Duniani (ILO) kuhusu ajira nchini Kenya, iliyotolewa mwaka wa 1972. Hesabu yake ni nyepesi: kazi isiyolipa huachwa. Bawaba ya siku tatu ingemfilisi.

Mzee wa karakana ya nyumbani hana mteja. Ana muda, ana pensheni na ana hamu. Kwa hivyo anaweza kutumia siku nzima kutengeneza bolti inayouzwa kwa shilingi chache, na jioni akaiweka juu ya meza ya chakula ili kila mtu aione.

Wala ugonjwa huu haukuanzia Kenya. Mnamo 1898 Percival Marshall alianzisha jijini London jarida la The Model Engineer kwa ajili ya watu waliotengeneza injini ndogo na vifaa vingine majumbani mwao. Mashine ndogo za kukereza zilizoundwa Uingereza kwa wapenzi wa kazi hiyo, mathalani Myford ML7 iliyotoka baada ya Vita vya Pili vya Dunia, hutafutwa hadi leo.

Kinachowaunganisha wote ni fundisho moja. Mtu aliyeitikiwa "ndiyo, mkubwa" kwa miongo mitatu hukutana na kitu kisichomwogopa. Chuma hakisomi barua ya uteuzi, hakijui cheo wala mvi. Hufuata kanuni zake tu.

Kila kero ya karakana ina sababu katika kanuni hizo. Anayeijua sababu hupata la kuchekea. Asiyeijua hubaki na hasira, na hasira ndiyo huwapeleka watu hospitalini.

Bolti isiyokubali nati

Kero ya kwanza huanza kwa bolti na nati zinazoonekana pacha. Mzee huzishikanisha, nati ikaingia mizunguko miwili kisha ikakwama. Huipaka mafuta. Hukwama tena. Huchukua spana ndefu zaidi, na hapo hesi, yaani yale meno yanayoizunguka bolti, husagika yote.

Lawama hapa ni za historia. Mwaka wa 1841 mhandisi Mwingereza Joseph Whitworth alipendekeza vipimo vya pamoja vya hesi, vyenye meno ya pembe ya digrii 55. Mwaka wa 1864 Mmarekani William Sellers akapendekeza vyake, vya digrii 60. Mwaka wa 1948 Marekani, Uingereza na Kanada zilikubaliana kuhusu mfumo mmoja wa inchi, ilhali mfumo wa milimita ulikuwa tayari umeenea katika mataifa mengine.

Kenya ilirithi yote. Trekta kuukuu lina bolti za Kiingereza, gari la Kijapani lina za milimita, na pampu iliyotoka Marekani ina zake. Zote huishia ndani ya mkebe mmoja wa rangi, chini ya meza ya mzee.

Tofauti ni ndogo kiasi cha kulihadaa jicho. Bolti ya nusu inchi ya Whitworth ina meno 12 katika kila inchi. Ile ya mfumo wa Kimarekani yenye unene uo huo ina 13. Nusu inchi ni milimita 12.7, ilhali bolti ya milimita iliyo karibu nayo ni ya 12.

Spana nazo zina hila. Spana ya milimita 13 huingia kwenye kichwa chenye upana wa nusu inchi, lakini hubakiza nafasi ya milimita 0.3. Nafasi hiyo hutosha kuzisaga pembe za kichwa hadi kiwe mviringo kisichoshikika tena na chochote, isipokuwa matusi.

Dawa ni kipimo cha hesi, ambacho ni bapa nyembamba zenye meno, zinazokunjwa pamoja kama kisu cha mfukoni. Kikikosekana, mtu achukue bolti anayoijua na kuilaza ubavuni mwa asiyoijua, meno kwa meno, kisha azielekeze kwenye mwanga. Mwanga ukipenya kati yao, hizo si ndugu.

Na kanuni ya wakongwe ni kwamba nati sharti ianze kuingia kwa vidole. Inayodai spana tangu mzunguko wa pili ina jambo inalolisema, na yafaa isikizwe.

Lango lililogeuka upinde

Kero ya pili hutoa moshi. Kijiti cha kuchomelea kinagusa chuma na kung'ang'ania kama kupe. Mzee anavuta, kijiti hakitoki. Ndani ya nyumba taa zinafifia na runinga inazimika, tena katikati ya taarifa ya habari ya saa moja. Sauti inayotoka sebuleni haihitaji kunukuliwa.

Stima ya nyumbani nchini ni ya volti 240, na soketi ya kawaida imeundwa kubeba ampea 13, yaani wati 3,120. Mashine kubwa za kuchomelea za aina ya transfoma huweza kudai zaidi ya hapo. Zile za kisasa za inveta ni nyepesi na hutumia stima kwa uangalifu zaidi, lakini nazo zina kiwango chake. Anayetaka amani nyumbani huita fundi wa umeme aliyeidhinishwa amwekee waya mnene na soketi ya pekee. Kuhusu tokeni kuisha mstari wa kuchomelea ukiwa nusu, hakuna fundi awezaye kusaidia.

Kijiti hunata kwa sababu ampea ni chache mno au kimesogezwa karibu mno. Kijiti chenye unene wa milimita 2.5 huhitaji kati ya ampea 60 na 90 hivi, na ncha yake iachwe mbali na chuma kwa kiasi kinacholingana na unene wake. Mzee akiongeza ampea, tatizo la pili hutokea: bomba hutoboka.

Bomba za mraba zinazotumika kwa milango na madirisha mara nyingi ni nyembamba. Geji 16 ni milimita 1.6, na geji 18 ni milimita 1.2 tu. Kati ya kunata na kutoboa kuna nafasi finyu, na mkono wa mwanafunzi huivuka huku na huko mchana kutwa.

Isitoshe, dawa inayofunika kijiti hufyonza unyevu. Pakiti iliyoachwa wazi wakati wa mvua, au katika hewa ya Pwani, hutoa cheche za kurukaruka na kuacha mistari yenye vitundu kama sifongo. Mkebe mkavu wenye kifuniko huondoa nusu ya lawama anazotupiwa mwenye duka.

Kero kubwa kuliko zote katika kuchomelea huonekana kazi ikiisha. Fremu ya lango iliyopimwa kwa guni na kuonekana imenyooka kabisa huinuliwa ikiwa imepinda kama upinde wa mwindaji.

Sababu yake ni joto. Chuma cha urefu wa mita moja kikiongezwa nyuzijoto 100 hurefuka kwa milimita 1.2. Penye mstari wa kuchomelea chuma huyeyuka, karibu nyuzijoto 1,500, ilhali sehemu iliyo kando bado ni baridi. Mstari huo ukipoa hunywea, nao huvuta kila kilichoshikamana nao. Anayechomelea upande mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho bila kupumzika huwa anaikaza kamba ya upinde bila kujua.

Mafundi wenye uzoefu hushikiza kwanza kona zote kwa nukta ndogo, wakapima tena, kisha wakachomelea vipande vifupi kwa zamu: kidogo hapa, kidogo upande wa pili, huku kazi ikiachwa ipoe. Haraka haraka haina baraka. Katika karakana methali hii ni kanuni ya fizikia.

Ncha butu na kisu cha kioo

Katika keekee, mzee huhisi kwamba kipande cha chuma kimebadilika kuwa jiwe. Tundu linaanza vyema, kisha mlio mkali unasikika, moshi unapanda na ncha haisogei tena. Anakandamiza kwa uzito wake wote, na ncha inakatika.

Kosa kwa kawaida ni mwendo. Ncha nene huhitaji mzunguko wa polepole kwa kuwa ukingo wake husafiri mbali zaidi katika kila mzunguko. Kwa chuma laini, ncha ya milimita 5 hufaa kuzunguka mara 1,600 hivi kwa dakika, na ya milimita 10 nusu ya hapo. Keekee nyingi za mkono huzunguka mara 2,800 au zaidi zikibonywa hadi mwisho. Joto hupanda, makali hufa, na ncha huanza kusugua badala ya kukata.

Chuma kisichoshika kutu ni kikorofi zaidi, maana kikisuguliwa bila kukatwa, uso wake huzidi kuwa mgumu. Ukianza kukitoboa, endelea kukata. Kusitasita ndiko hukiponza kipande.

Mafuta kidogo, mwendo wa pole, tundu dogo la kutangulia na ncha iliyonolewa huifanya kazi ya nusu saa iwe ya dakika mbili. Lakini mzee hugundua hayo baada ya kununua ncha mpya mara nne, kila mara akimlaumu aliyeziunda.

Kisha huja siku ya kisu. Karibu kila karakana ya nyumbani hufikia siku hiyo. Mzee anaokota springi kuukuu ya gari, chuma kizuri kweli, anakikata na kukinoa. Anakipasha moto hadi kinang'aa, anakizamisha katika ndoo ya maji na kukitoa kikiwa kigumu ajabu. Tupa haikikwaruzi. Anawaita wajukuu waone. Kisu kinamponyoka, kinaanguka sakafuni na kukatika vipande viwili.

Chuma cha aina hiyo, chenye kaboni ya kutosha, kikipashwa hadi rangi nyekundu iliyokolea, nyuzijoto 800 hivi, kisha kikapozwa ghafla, huwa kigumu lakini chepesi kuvunjika kama kioo. Dalili moja ya kuwa kimekaribia joto hilo ni kwamba sumaku haikishiki tena. Springi za gari hupozwa kwa mafuta. Maji hupoza kwa ghafla mno na huweza kukitia nyufa.

Kisha kuna hatua ambayo mzee aliiruka. Kisu kilichopozwa husuguliwa hadi king'ae, halafu hupashwa tena kidogo kidogo. Rangi hupita juu yake: manjano ya majani makavu karibu nyuzijoto 230, kahawia karibu 255, zambarau karibu 280 na buluu karibu 300. Kadiri rangi inavyosonga kuelekea buluu, ndivyo chuma kinavyopoteza ugumu na kupata ustahimilivu. Wahunzi wa jadi, wakiwemo Il-Kunono wa jamii ya Wamaasai, waliufanya uhunzi kwa macho na mazoea, bila kipimajoto.

Milimita iliyopotea

Umri nao hutoza ushuru wake. Kuanzia miaka ya arobaini lenzi ya jicho hupoteza uwezo wa kutazama vitu vya karibu, na mtu wa miaka 60 huhitaji mwanga mwingi kuliko kijana ili aone alama ile ile. Mzee huona vyema mstari wa jirani aliyejenga nje ya mpaka, lakini haoni milimita kwenye futi yake mwenyewe.

Kosa la pili ni kusahau kwamba kukata ni kula. Msumeno wa chuma huondoa milimita moja hivi, na diski ya kukatia huondoa kati ya moja na tatu kulingana na unene wake. Anayekata vipande vinne kutoka bomba moja kwa diski nene, akavipima vyote mwanzoni bila kuacha nafasi ya makato, hujikuta na kipande cha mwisho kilichopungua kama sentimita moja. Hukitazama kwa muda mrefu, kana kwamba kitaona haya na kurefuka.

Taa nzuri inayotoka upande, miwani ya kusomea chini ya kinga ya macho, na alama iliyochorwa kwa msumari wenye ncha kali badala ya chaki nene huokoa chuma kingi. Huokoa hata zaidi yule anayepima kipande dhidi ya pengo lenyewe linalongoja kujazwa, bila kuamini tarakimu zilizoandikwa juu ya kiganja jana yake.

"Itafaa siku moja"

Hakuna karakana ya mzee isiyo na rundo. Humo mna fremu za baiskeli, mabomba, bawaba za milango isiyokuwepo tena, na mota ya mashine ya kufulia iliyokufa zamani. Ukimuuliza atakwambia, "Itafaa siku moja." Ajabu ni kwamba siku hiyo hufika kweli, kwa kawaida wiki moja baada ya mkewe kumwita mnunuzi wa vyuma chakavu.

Rundo hilo lina mantiki. Kipande cha chuma kilicho karibu huokoa safari na nauli, na kila kipande ni wazo lililoahirishwa. Lakini lina kutu, lina nyoka na lina ncha kali zinazowangoja watoto. Rundo lisilo na rafu ni takataka zenye mtetezi.

Anayeliongeza kwa kununua naye awe macho. Sheria ya Vyuma Chakavu ya 2015 humtaka mfanyabiashara wa vyuma hivyo awe na leseni, na mnamo Januari 2022 Serikali iliisimamisha biashara hiyo kwa miezi kadhaa kufuatia uharibifu wa miundomsingi ya umma, zikiwemo nguzo za stima. Chuma cha bei ya kutupa kinacholetwa jioni kwa mkokoteni huenda kilikuwa kifuniko cha mtaro asubuhi. Mzee aliyeitumikia nchi kwa miaka 30 hana haja ya kuelezea hilo katika kituo cha polisi.

Mahali pasipo mzaha

Yote hayo ni ya kucheka. Yapo yasiyochekwa.

La kwanza ni macho. Mwanga wa kuchomelea una miale ya urujuanimno inayounguza uso wa jicho, na maumivu hayaji papo hapo. Huja saa sita hadi 12 baadaye, usiku wa manane, kana kwamba mchanga umemwagwa machoni. Kwa kawaida hutulia baada ya siku moja au mbili, lakini viazi vibichi na maziwa vinavyosifiwa mitaani si tiba. Jicho hupelekwa kwa daktari. Miwani ya jua haiwezi kuchukua nafasi ya kinga ya kuchomelea, na mjukuu anayechungulia mlangoni huungua sawa na babu yake.

La pili ni mashine ya kusaga. Diski ya milimita 115 inayozunguka mara 11,000 kwa dakika huwa na ukingo unaosafiri zaidi ya kilomita 230 kwa saa, mwendo ambao hakuna matatu iliyowahi kuufikia. Wapo wanaoondoa kinga ya chuma ili wafunge diski kubwa ya milimita 230 kwenye mashine ndogo. Kwa kufanya hivyo ukingo huongeza mwendo maradufu na kupita kiwango ambacho diski iliundwa kuhimili. Ikipasuka, vipande vyake huruka kama risasi.

La tatu ni mabati. Zinki inayoyapaka huchemka katika nyuzijoto 907, mbali chini ya joto la kuyeyusha chuma, na moshi wake mweupe ukivutwa huleta homa, baridi na maumivu ya viungo saa chache baadaye. Katika nchi yetu dalili hizo hufikiriwa haraka kuwa malaria. Anayeenda hospitalini amweleze daktari alichokuwa akichomelea. Kinga ni kuiondoa zinki hiyo kwanza, kufanya kazi mahali penye upepo na kukaa kando ya moshi.

Aidha, glavu hazivaliwi mbele ya keekee ya meza au mashine ya kukereza, kwa kuwa kinachozunguka hukamata kitambaa na kuvuta mkono mzima. Pete huvuliwa, mikono ya shati hufungwa. Sakafu yenye maji na mashine isiyo na waya wa ardhini ni mwaliko wa msiba. Mwenye kifaa kilichopandikizwa cha kuusaidia moyo kupiga amuulize daktari wake kabla hajashika mashine ya kuchomelea.

Na cheche iliyoangukia gunia huweza kufuka kwa muda mrefu kabla ya kuwaka. Mzee mwangalifu hubaki kibandani nusu saa baada ya kazi ya mwisho, akijifanya anapanga spana.

Ajali nyingi za aina hii hutokea jioni, katika ile kazi iliyobaki "kidogo tu". Mwili umechoka, jua limezama, na aibu ya kushindwa na kipande cha chuma inamsukuma mtu kuivua miwani ili aone vizuri. Hapo ndipo cheo cha zamani huwa hatari, maana humnong'oneza mtu kwamba mkubwa hashindwi.

Faida isiyo kwenye daftari

Kwa hesabu ya shilingi, karakana ya nyumbani ni hasara. Stima, vijiti, diski na ncha za keekee zilizogharimu bawaba moja zingenunua bawaba za mtaa mzima. Mkewe anajua hesabu hiyo, na mzee anaijua vizuri zaidi, hasa kama alikuwa mhasibu.

Lakini kuna hesabu nyingine. Kustaafu humnyang'anya mtu jambo ambalo pensheni hairudishi: kuulizwa swali na kuwa na jibu. Simu hunyamaza, na waliokuwa wakisubiri saini yake husubiri ya mwingine. Katika karakana mzee anarudi kuwa mwanafunzi, na mwanafunzi ana kesho. Chuma kikimkatalia leo, kinamwachia sababu ya kuamka.

Faida hiyo huenea. Mjukuu aliyesimama kando kwa umbali unaofaa, akiwa na miwani yake, hujifunza kwamba vitu hutengenezwa na watu na kwamba vilivyoharibika huweza kurekebishwa. Huona pia jambo ambalo watoto hawalioni mara nyingi: mtu mzima akikosea, akikiri, na akianza upya bila kumtafuta wa kumlaumu. Jirani aliyelalamikia kelele juzi hufika na kiti kilichovunjika mguu.

Jumamosi hiyo jioni bawaba inafungwa langoni, safari hii upande unaostahili. Lango linafunguka kuelekea uani, kama ilivyokusudiwa. Linalia kidogo, na upande mmoja umeinama kiasi ambacho ni aliyekitengeneza tu atakayekiona kila siku ya maisha yake.

Mkewe anapita na ndoo, anasimama, anausukuma mlango wa lango mara mbili na kuutazama. Anauliza kama sasa kazi imekwisha.

Mzee anafuta mikono, anainama na kuitazama bawaba kwa karibu, kisha anakiangalia kibanda chake. Imebaki kidogo tu, anasema.